Mimea Itawaokoa Samaki Wako

Wazazi wengi mjini hulalamika kwamba samaki waliowanunulia watoto hawakumaliza hata mwezi mmoja. Maji yalikuwa maangavu, chakula kilitolewa asubuhi na jioni, na tangi lilisuguliwa kwa sabuni kila Jumamosi. Hata hivyo, samaki walielea matumbo juu. Mtoto akilia huambiwa kuwa samaki wake alizeeka. Sivyo, msomaji. Mara nyingi samaki huyo aliuawa na sumu isiyoonekana kwa macho.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki nacho kikioza huiongeza. Ziwani maji ni mengi, hivyo sumu hiyo hutawanyika. Katika tangi la sebuleni haina pa kwenda.

Bahati nzuri, wapo bakteria wema. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru sana ikiwa kidogo. Bakteria hawa huishi juu ya mawe, sifongo na kuta za tangi. Anayesugua kila kitu kwa sabuni huwaangamiza, na samaki hurudi kuogelea katika sumu.

Nitrati nayo hurundikana, na hapo ndipo mmea unapohitajika. Kile kilicho uchafu kwa samaki ni mbolea kwa mmea. Mkulima anayetia CAN kwenye mahindi yake hutia nitrati hiyo hiyo. Mafunjo ya kando ya Ziwa Victoria hufanya kazi ya kuchuja maji tangu jadi. Hata hapa Nairobi, mnamo mwaka wa 1994 kinamasi cha kutengenezwa, chenye mimea, kilianza kusafisha maji machafu ya mkahawa wa Carnivore. Nawe unaweza kuwa na kinamasi kidogo nyumbani.

Wafugaji wengi wa samaki huweka tangi la pili chini ya lile kubwa, maji yakashuka humo na kupandishwa tena kwa pampu. Mpango huo ni mzuri, lakini stima ikipotea maji huendelea kushuka, na kama tangi la chini halina nafasi ya kutosha, zulia lako na dari ya jirani wa chini vitalowa. Kwa anayeishi katika nyumba ya ghorofa, ni salama zaidi kuweka kasha la mimea juu kuliko tangi. Stima ikipotea, pampu husimama na maji hubaki mahali pake.

Tuseme tangi lako lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30. Hilo hubeba lita 54. Tafuta kasha la plastiki la lita 30 ambalo halijawahi kutiwa dawa wala mafuta. Litoboe upande mmoja, katikati ya kimo chake, kisha utie bomba la inchi moja lenye washa za mpira pande zote mbili. Bomba hilo ndilo litakalorudisha maji kwenye tangi. Liwekee wavu mdomoni ili mizizi isiliziba.

Upande wa pili weka sifongo mahali maji yatakapoingilia, kisha kokoto zilizooshwa kwa maji matupu hadi karibu na kimo cha tundu. Mpira wa kuleta maji uwe wa nusu inchi, na ncha yake iwe juu ya maji ya kasha.

Kasha likijaa linaweza kuzidi kilo 40. Liweke juu ya rafu imara, kamwe si juu ya kioo cha tangi.

Pampu ndogo ya wati 5 yatosha. Ikifanya kazi usiku na mchana hutumia chini ya yuniti 4 kwa mwezi. Usiitumbukize hadi chini. Ifunge sentimita 5 tu chini ya uso wa maji. Bomba likiziba, itaweza kupandisha lita 9 pekee, nazo zitaenea katika nusu ya juu ya kasha. Kisha izime. Waya wake uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lisiingie kwenye umeme.

Panda ule mmea unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo, uitwao mani planti. Osha udongo wote, mizizi iwe majini na majani yawe hewani, karibu na dirisha. Mtoto mdogo asiutafune, kwani utomvu wake huwasha mdomo. Gugu maji usilijaribu. Katika miaka ya tisini lilizingira Ghuba ya Winam na kuwatesa wavuvi, nalo halifai kusambazwa.

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Anza na samaki wawili au watatu wadogo, kwa sababu bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kuenea. Wape chakula watakachomaliza kwa dakika mbili. Kila juma badilisha robo ya maji, na yale uliyotoa umwagilie sukuma wiki.

Stima ikipotea kwa saa nyingi, chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa. Kazi hiyo mwachie mtoto. Ataifanya kwa furaha, na atajua kwa nini samaki wake yu hai.