Mgeni Njoo, Mwenyeji Aondoke?

Vijana wenzangu, mimi ni mtoto wa Litumbandyosi. Najua wengi hamjawahi kulisikia jina hilo, na mkijaribu kulitamka mnacheka. Chekeni tu. Ni kata ya Wilaya ya Mbinga, huko Ruvuma, na leo nina ugomvi.

Majuzi nilipewa kibarua. Ofisi moja, sitaitaja, ilitaka maneno matamu ya kijitabu cha kuinadi Mbinga kwa wawekezaji na wahamiaji. Hewa safi, ardhi tele, watu wakarimu. Nikaandika. Kisha nikaongeza sentensi moja kuhusu vijana wanaohama. Ikakatwa! Eti inafukuza wageni. Pesa nilichukua, sikatai, nilikuwa nadaiwa pango. Lakini tangu siku hiyo silali vizuri.

Sipingi wageni, jamani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi methali imegeuzwa. Mgeni anaahidiwa kiwanja, maji na umeme. Mwenyeji anaahidiwa mgeni.

Tuanze na hiyo "ardhi tele". Ardhi ya nani? Panda milima ya Umatengo uone ngoro, yale mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko, nyasi zikafukiwa chini ya udongo ili mvua isiuchukue. Mtu mwenye ardhi ya kuchezea hahangaiki hivyo kwenye mteremko mkali. Kuna familia zilizoteremka kutoka milimani kutafuta shamba bondeni. Leo tunamwambia mtu wa mbali kwamba huku ni tupu?

Kahawa nayo. Arabika ya Mbinga inasifiwa, inasafirishwa, inanyweka Ulaya na Japani. Wewe ingia mgahawani mjini Mbinga uombe kinywaji cha moto, uone kama hutaletewa chai. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa 2011, malori yakapita na mzigo. Lami tunayo, kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ziwani. Safi sana! Lakini barabara haichagui abiria. Inayomleta mwekezaji ndiyo hiyo hiyo inayomchukua kijana.

Mtaniuliza, sasa tufanyeje? Mfano tunao hapa hapa Ruvuma, hatuna haja ya kwenda Singapore. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, Songea. Hawakuchapisha kijitabu. Walilima pamoja, wakaanzisha shule yao, wakaamua mambo yao kikaoni. Vijiji vingine vikavutiwa, vikaungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, RDA, wakafikia hata kuendesha kinu cha kusaga nafaka mjini Songea. Watu walikwenda kwa sababu waliona maisha. Septemba 1969, TANU yenyewe ikakivunja chama hicho. Kosa lao? Kwa maoni yangu, walizoea mno kujiamulia.

Somo ni hilo. Mji huvuta watu pale wanaokaa ndani yake wanapokuwa na sababu ya kubaki. Mwekezaji siyo mjinga. Akifika akakuta wenyeji wamebeba mabegi stendi, atajiuliza wanakimbia nini. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

Basi anzeni na mwenyeji. Mpeni kijana wa Litumbandyosi mkopo wa mashine ndogo ya kukaanga kahawa kabla ya kumpa tajiri ekari mia. Lipeni mazao kwa wakati. Fungueni maktaba jioni, watu wakiwa wametoka shamba. Akibaki huyo, wengine watakuja bila kuitwa, tena watamkuta mtu wa kuwapokea.

Na ninyi mnaoandika, au mnaotaka kuandika, mtaitwa kama nilivyoitwa mimi. Kila halmashauri sasa inataka kijitabu chake. Nendeni, njaa haina adabu. Lakini sentensi watakayoikata msiitupe. Itunzeni, kwani huenda ndiyo pekee mliyoiandika kweli.

Yangu hii hapa, naichapa bila malipo: "Vijana wa Mbinga wanaipenda Mbinga, na wengi wao wanaipenda wakiwa Dar es Salaam."