"Huo ni Usonji Tu" si Jibu

Mtoto akigonga kichwa ukutani, wazazi wa hapa Kisumu huambiwa ni usonji. Asipolala, usonji. Akikataa chakula, usonji. Ninafundisha watoto wenye mahitaji maalumu katika shule moja ya msingi hapa Nyalenda, na ninasema wazi: jibu hilo linawaumiza watoto wetu.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa miaka 14, mwenye maneno machache sana, alianza kurarua sare na kujiuma mkono. Mama yake, muuza omena sokoni Kibuye, alimpeleka zahanati akarudi na dawa za kumtuliza. Jirani akanong'ona habari za chira, laana ya kuvunja mwiko. Hakuna aliyeuliza nini kimebadilika nyumbani. Nyanya yake aliyemlea alikuwa amezikwa Seme mwezi uliotangulia. Kwa kuwa binti hakutoa chozi, waombolezaji walisema hajui msiba. Alijua. Kila jioni alikwenda stendi ya matatu alikozoea kumpokea nyanya, akakataa kuondoka.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu 40% ya watoto na vijana wenye usonji wana angalau tatizo moja la wasiwasi uliopita kiasi. Sonona nayo huwapata, hasa wakishabalehe. Kifafa huwapata zaidi kuliko watoto wengine. Na asiyeweza kusema jino linamuuma, atakuuma wewe. Haya yote yana msaada, ila hayaonekani tukishaamua kwamba usonji ndio chanzo cha kila kitu.

Vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya elimu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, hutusaidia kujua mtoto asome wapi. Hiyo ni kazi njema. Lakini kumjua mtoto akiwa na miaka sita si kumjua akiwa na kumi na sita. Hojaji za tabia za watoto nazo zitafsiriwe: watafiti wa Kilifi wameshazijaribu kwa Kiswahili na Kigiriama, basi akina mama wa Seme na Nyakach waulizwe kwa Dholuo.

Nitaambiwa madaktari wa akili ni wachache. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi ianze kabla ya kuwafikia. Mwalimu na mzazi waweke daftari: jambo gani lilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kikafuata, alilala saa ngapi, choo alipata lini. Meno, masikio, tumbo na malaria vipimwe kabla ya dawa ya kumtuliza. Kisha tuulize yale tunayoyaogopa: nani ameondoka maishani mwake? Nani anampiga? Nani anamgusa asipopaswa?

Kaunti na Wizara ya Elimu ziweke sharti kwamba mtoto mwenye usonji atathminiwe upya tabia yake inapobadilika ghafla, na tena anapobalehe, mhudumu wa afya ya akili akiwepo. Faili la kituo cha tathmini lifike hospitalini pamoja na mtoto. Mwalimu asiyeandika daftari, aulizwe na mkuu wake. Na daktari anayeandika dawa bila kulisoma daftari hilo, aulizwe na mzazi.