Mchagua Jembe si Mkulima

Asubuhi ya Jumapili, katika viunga vya London, Paris au Milan, makundi ya wapanda baisikeli za mbio hutua mbele ya mikahawa baada ya mwendo wa kilomita sitini au themanini. Baisikeli huegemezwa ukutani, kahawa huagizwa, na mahakama hufunguliwa. Hapana aliyeiita mahakama hiyo, wala hapana aliyewateua mahakimu wake, lakini kila baisikeli iliyo ukutani ni mshitakiwa. Mmoja amekosa kwa kuwa usukani wake umeinuliwa kwa pete tatu juu ya fremu. Wa pili amekosa kwa kuwa amefunga kifuko cha vifaa chini ya kiti. Wa tatu ameacha vifuniko vya plastiki juu ya vali za matairi yake. Wa nne amevaa soksi fupi mno, na wa tano hakunyoa miguu. Hata picha ina sheria zake: baisikeli iliyopigwa picha upande usio na mnyororo huhesabiwa kuwa imevuliwa nguo mbele ya watu. Katika mashitaka yote hayo hapana aulizaye kama mwenye baisikeli amepanda vilima vingapi, kama alimngoja mwenziwe aliyechoka, au kama amefika bila ya maumivu.

Desturi hii yastahili kupingwa. Haipingwi kwa sababu ni upuuzi, maana dunia imejaa upuuzi usiomdhuru mtu, na mwenye kuukataza wote ataikataza furaha pamoja nao. Inapingwa kwa sababu imevaa joho la elimu. Hakimu wa mkahawani hasemi, “Baisikeli hii hainipendezi.” Husema, “Baisikeli hii si sahihi.” Baina ya maneno hayo mawili pana umbali mkubwa. La kwanza ni habari ya moyo wa msemaji, na moyo haudaiwi ushahidi. La pili ni dai juu ya ukweli, na kila adaiye ukweli hana budi kuleta hoja.

Mwaka 2013 kundi la wapenzi wa mchezo huu lijiitalo Velominati lilitoa kitabu kiitwacho The Rules, chenye kanuni nyingi juu ya mwenendo, mavazi na sura ya baisikeli. Kitabu hicho kimechanganya mzaha na ibada, na msomaji mwerevu hucheka penye kucheka. Lakini mzaha una tabia ya kusahau ulikozaliwa. Aliyeupokea kwa kicheko humkabidhi mwenziwe kwa uso mkavu, na huyo wa pili humkabidhi wa tatu kama amri. Hivyo ndivyo maneno ya mchezo yanavyogeuka sheria bila ya kupita katika baraza lolote la akili.

Ni haki kukiri kwanza kwamba baisikeli yahitaji wahakiki. Kiti kilicho chini kupita kiasi huumiza goti kwa mbele. Kilicho juu kupita kiasi huvuta mshipa wa nyuma ya goti na kuyumbisha nyonga. Usukani ulio chini na mbali mno hukaza shingo na kufisha ganzi vidole. Mpandaji hawezi kujiona mwenyewe akiwa juu ya chombo chake, kwa hiyo jicho la rafiki anayemfuata nyuma lina thamani. Rafiki huyo akisema, “Nyonga zako zinayumba, teremsha kiti kidogo,” amefanya kazi ya mwalimu na tabibu. Uhakiki wa namna hiyo huanza na mwili na kuishia katika mwili. Uhakiki wa mahakama ya ukutani huanza na baisikeli isiyo na mtu na kuishia hapo hapo. Ni sawa na kuhakiki viatu bila ya kuuliza vimevaliwa na mguu gani.

Tena jicho hilo linalojigamba kuwa mjuzi lina historia, na historia yake si ya kujivunia. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, alikuwa ameandika mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha zinawafaa watu waliopita umri wa miaka 45. Kwake yeye ushindi ulipaswa kutoka katika misuli, na chombo cha kuisaidia misuli kilikuwa dalili ya udhaifu. Katika mji wa Saint-Étienne, Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alitetea gia kwa kalamu yake na kwa miguu yake mwenyewe milimani. Lakini washindani wa Tour waliendelea kwa miaka mingi kushuka chini ya mlima, kulifungua gurudumu la nyuma, na kuligeuza ili watumie meno ya upande wa pili. Gia za kuhamisha mnyororo ziliruhusiwa katika mashindano hayo mwaka 1937. Leo hapana mshindani wa Tour aendaye bila gia, na hakimu wa mkahawani hukagua gia za wenziwe kwa fahari, pasipo kukumbuka kwamba zamani angalicheka kuziona.

Mwaka 1989 Tour ilimalizika kwa mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Greg LeMond wa Marekani alikuwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. LeMond alifunga juu ya usukani wake vyuma vya kulaza mikono, vilivyozoeleka kwa watu wa mashindano ya kuogelea, baisikeli na kukimbia kwa miguu, akavaa kofia iliyochongoka nyuma. Fignon alipanda kichwa wazi, nywele zake zimefungwa mkia. Kwa macho ya wapenzi wa desturi, Mfaransa ndiye aliyekuwa na sura ya bingwa. Saa haikujali sura. LeMond alishinda Tour nzima kwa sekunde 8. Si haki kuvipa vyuma vile sifa yote, kwani Fignon alikuwa na jeraha mahali pa kukalia. Lakini ni nani awezaye kusema kwamba mikono iliyokusanywa mbele ya kifua, mbali na upepo, haikuzaa hata sekunde nane katika safari ile?

Miaka minne baadaye Graeme Obree wa Scotland alipeleka Hamar, Norwei, baisikeli aliyoiunda mwenyewe, ndani yake mna beringi zilizotoka katika mashine ya kufulia nguo. Alipanda mikono ikiwa imekunjwa chini ya kifua kama mabawa ya ndege aliyelala. Mkao ule ulikuwa mbaya kwa kila aliyelelewa katika sheria za sura. Tarehe 17 Julai 1993 alikwenda kilomita 51.596 katika muda wa saa moja, akaivunja rekodi ya Francesco Moser iliyokuwa imedumu tangu mwaka 1984. Siku sita baadaye Chris Boardman alimpita, na mwaka uliofuata Obree aliirudisha rekodi mikononi mwake. Kisha wakuu wa mchezo wakaupiga marufuku mkao wake.

Hapa mtetezi wa mahakama ya mkahawani atasema kwamba hata wakuu wana sheria za sura. Kweli wanazo. Azimio la Lugano la mwaka 1996 lilitaka mashindano yawe ya watu kabla ya kuwa ya mitambo, na baadaye uzito wa baisikeli ya mashindano ukawekewa mpaka wa chini wa kilo 6.8. Mtu aweza kuzikubali sheria hizo au kuzikataa; lakini zina maandishi, zina sababu, na sababu hizo hujadiliwa hadharani. Sheria ya mkahawani haina sababu ila ile ya kwamba ndivyo ilivyo. Ukiiuliza kwa nini, huinua nyusi.

Jicho hili limepata wapi ladha yake? Limeipata kwa bingwa wa jana. Humwona kijana wa miaka 25, mgongo wake laini kama upinde, tumbo lake limelala, analipwa kupanda baisikeli saa nyingi kila siku. Kijana huyo huweza kuuinamia usukani ulio chini sana, na akiuinamia hupendeza. Ndipo karani wa miaka 50, anayekaa mezani juma zima, huambiwa aondoe pete zinazoinua usukani wake ili baisikeli yake ifanane na ya kijana yule. Huziondoa. Baisikeli yake hupendeza ikiwa ukutani, naye hurudi nyumbani amekamata shingo. Huu ndio uzuri wa mkakasi, ambao ndani yake ni kipande cha mti.

Matairi yanatoa ushahidi ule ule. Kwa miaka mingi tairi jembamba la milimita 23 au chini ya hapo lilikuwa alama ya mtu wa mbio, na aliyepanda juu ya tairi nene alionekana mzee anayekwenda sokoni. Leo mabingwa wanatumia milimita 28 na zaidi, kwa kuwa imefahamika kwamba katika barabara yenye mikwaruzo tairi pana lenye upepo wa kadiri halimrushirushi mpandaji, na nguvu isiyopotea katika kurushwa huenda mbele. Mahakama haikuomba radhi kwa wazee iliowacheka. Imeanza kuwacheka wenye matairi membamba.

Lakini jeraha kubwa zaidi liko mlangoni. Mgeni huja na baisikeli aliyoirithi kwa mjomba wake au aliyoinunua kwa akiba ndogo. Pengine ni mwanamke aliyekuja peke yake kati ya wanaume ishirini. Amefunga madigadi kwa sababu ya mvua ya Uingereza, na kwa madigadi hayo matope hayamrukii usoni anayemfuata. Kitendo hicho ni adabu njema. Anapokewa kwa kicheko kidogo na ushauri mrefu. Kati ya mambo mawili hufanya moja: hurudi nyumbani asionekane tena, au hutoa fedha asizokuwa nazo ili anunue msamaha. Siku hizi baisikeli za daraja la juu huuzwa pauni 10,000 na kupita. Mahakimu hawajui kwamba wanamfanyia mwenye duka kazi bila ya ujira.

Watu wa Afrika Mashariki wana mfano wao katika shauri hili. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa mtoto alijifunza mbio za baisikeli kwa David Kinjah, Mkenya aliyewakusanya vijana wa Kikuyu, nje ya Nairobi, akawafundisha juu ya vyombo vilivyopatikana. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Alipofika katika barabara za Ulaya, sura yake ilichekwa: viwiko vimetanuka, kichwa kimeinamia shingo ya usukani, duara la meno la mbele si mviringo kamili bali limebonyea kidogo. Mwaka 2016 alishuka mlima wa Peyresourde ameketi juu ya bomba la fremu huku akizungusha pedali, mkao ambao hakuna mchoraji angeuchagua, akashinda siku ile. Mkao wa kushuka umeketi juu ya bomba ulikuja kukatazwa mwaka 2021 kwa sababu ya hatari yake, na hiyo ni sababu ya haki. Ubaya wa sura hautajwi katika sheria. Froome alishinda Tour mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kama mlango wa Kinjah ungalilindwa na mahakimu wa mkahawani, wangalimrudisha mtoto yule kwa kosa la viwiko.

Husemwa kwamba binadamu ana haki ya kupenda uzuri. Ana haki hiyo, wala hapana anayeipinga. Fremu ya chuma iliyochomelewa na fundi hodari wa Italia, miungano yake imesuguliwa kwa mkono, ni kitu cha kutazamwa kwa heshima. Lakini uzuri wa baisikeli ulizaliwa na kufaa kwake. Zile pembetatu mbili za fremu zimedumu zaidi ya miaka mia moja kwa kuwa hubeba mzigo mkubwa kwa chuma kidogo. Jicho lilijifunza kuzipenda baada ya barabara kuzikubali. Anayeutenga uzuri na kufaa hautetei uzuri, anautetea uzoefu wake.

Husemwa tena kwamba yote ni utani, na utani ni ndugu wa upendo. Utani una sharti moja: anayetaniwa awe na nafasi ya kujibu. Mtani wa miaka ishirini hujibu, kicheko kikawa cha wawili. Mgeni wa siku moja hana jibu, na kicheko kisicho na jibu ni dharau.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Hawakusema kwamba majembe yote ni sawa. Mkulima hulijua jembe zuri kuliko mtu yeyote, lakini hulijua kwa mikono yake na kwa shamba lake. Basi anayetaka kuhakiki baisikeli ya mwenziwe na apande nyuma yake kilomita ishirini kwanza. Akiona nyonga ikiyumba, na aseme. Akiona breki imelegea, na aseme upesi. Akiona soksi, na atazame barabara.