Tumlipe mwelekezi anayetukatalia safari

Kila likizo za shule zinapokaribia, nyumba nyingi humu nchini huingia katika mjadala mmoja: twende wapi mara hii? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Aliyejiweza alikwenda Mombasa kuogelea, na asiyejiweza akaenda mashambani kwa wazazi. Siku hizi mambo yamebadilika. Vijana wetu wataka kukwea Mlima Kenya, kuendesha baiskeli kando ya pundamilia kule Hell's Gate, kupambana na maji ya mto Tana kule Sagana ndani ya maboti ya mpira, na kupiga mbizi kutazama matumbawe ya Watamu. Jambo hili ni la kupongezwa. Kwa miaka na mikaka starehe hizi zilidhaniwa kuwa za wageni kutoka Ulaya, nasi wenye nchi tukaridhika kuwa wapishi na madereva wao.

Linalonikera ni namna tunavyozichagua safari zenyewe. Twauliza bei. Twauliza kama chakula kimo ndani ya bei hiyo, na kama kutakuwa na mpiga picha. Swali ambalo sijapata kulisikia likiulizwa ni hili: je, mwelekezi wetu akiona hatari na kuamua turudi nyuma, ni nani atakayepata hasara?

Mpenzi msomaji, nina sababu ya kuliuliza. Mwezi wa Aprili 2017 nilikwenda Hell's Gate pamoja na jamaa na marafiki, jumla yetu watu 11. Tulimpata mwelekezi langoni, kijana mkaazi wa Naivasha, tukapatana ujira wake. Tulipofika ukingoni mwa korongo la Ol Njorowa jua lilikuwa likiwaka. Kijana yule akasimama, akatazama kwa muda mrefu upande wa milima, ambako wingu jeusi lilikuwa limetanda, kisha akasema kwa upole, "Wazee wangu, leo hatushuki."

Tulighadhabika kweli kweli! Mmoja wetu alimkumbusha kwamba yeye si mtabiri wa hali ya hewa. Mwingine akamwuliza kama alikuwa mvivu tu. Nami, naona haya kukiri, ndiye niliyesema kwamba kazi nusu hulipwa nusu. Tukampa nusu ya ujira wake, tukaondoka tukinung'unika. Iwapo maji yalipita korongoni siku hiyo au hayakupita, sikujua, na hata leo sijui.

Nilimkumbuka kijana huyo miaka miwili baadaye. Jumapili, tarehe 1 Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwakumba watalii ndani ya korongo lilo hilo. Watu 7 walifariki, mwelekezi wao akiwa mmoja wao. Wengi wao walikuwa Wakenya wenzetu waliokwenda kujiburudisha mwishoni mwa juma. Wala huo haukuwa msiba wa kwanza. Mwezi wa Aprili 2012, watu 7 wa kikundi cha vijana wa kanisa walisombwa na maji papo hapo.

Asiyelijua korongo hilo huenda akastaajabu jinsi maji yanavyoweza kuwafikia watu wazima wenye macho bila wao kuyaona. Kuta zake ni ndefu, na mahali pengine zimekaribiana mno hata watu hulazimika kupita mmoja mmoja. Mvua yaweza kunyesha mbali, kwenye miinuko, ilhali aliye chini hajaona hata tone. Maji hukusanyika katika vijito, kisha yakaingia korongoni kwa kishindo, na wakati huo pa kukimbilia ni juu tu. Kalenda nayo haimwokoi mtu. Aprili ni mwezi wa masika, naam, lakini Septemba si mwezi ambao mtu huutarajia mafuriko.

Basi kinga ya mtalii mahali kama hapo ni mtu mmoja: yule asomaye dalili, na ambaye akishazisoma ana nguvu za kusema hapana. Na hapo ndipo penye kasoro yetu. Waelekezi wengi hawana mshahara. Hulipwa kwa safari, na safari isiyokamilika huwa haina malipo. Mwandalizi wa safari naye amekusanya arubuni kwa simu, amekwisha kulipa basi na kununua chakula. Akiahirisha, wateja watadai fedha zao, na fedha zenyewe hazipo tena. Si kwamba ni mtu mbaya. Hesabu zake ndizo zinazomsukuma aseme, "Twendeni, Mungu yupo."

Hesabu hizo hizo hujificha katika safari za Mlima Kenya. Waandalizi wawili wakutangazia kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Mmoja atoza karibu nusu ya bei ya mwenzake, nawe wafurahi kwamba umepata nafuu. Aghalabu nafuu hiyo imetokana na kupunguza siku. Gari laweza kumfikisha mtu mpaka karibu mita 3,000 kwa njia ya Naro Moru, na kesho yake akaanza kukwea kwa pupa kabla mwili wake haujaizoea hewa hafifu. Madaktari wanajua vyema kwamba kupanda upesi hivyo huweza kujaza maji mapafuni au kuuvimbisha ubongo. Kwa hiyo anayekuuzia usiku 4 mlimani badala ya 2 hakupunji.

Huko pwani, wenyeji walilitatua suala hili kitambo. Nahodha wa mashua halaumiwi kwa kutotoka wakati kusi limevuma na bahari imechafuka. Anayelaumiwa ni yule anayetoka. Mtalii aliyezoea picha za bahari tulivu ya kaskazi hufika mwezi wa Juni akataka kupelekwa baharini kwa lazima kwa kuwa ameshalipa.

Watasema wengine kwamba hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, nayo haijamaliza wajibu wake. Tunayo Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na leseni zinatolewa. Kipo pia chama cha waelekezi, KPSGA, kinachowatahini wanachama wake na kuwapa daraja za shaba, fedha na dhahabu. Yafaa tuziulizie daraja hizo kabla ya kulipa. Lakini leseni yaniambia tu kwamba biashara yatambuliwa. Haniambii mtu wingu litakapotanda ni nani atakayebeba gharama.

Tutazame New Zealand. Mwezi wa Aprili 2008, wanafunzi 6 na mwalimu wao walikufa maji katika korongo la Mangatepopo baada ya mvua kuufurisha mto. Hesabu ni ile ile, 7. Wenzetu hawakuishia kwenye rambirambi. Waliichunguza biashara nzima ya michezo ya hatari, na mwaka wa 2011 wakatunga kanuni zinazomlazimu anayeiuza kukaguliwa na wakaguzi wa usalama na kusajiliwa. Sisi tumezika mara mbili kutokana na korongo moja, katika muda usiotimia miaka 8.

Wabunge wetu wangeweza kuanza na jambo dogo: kila mwandalizi wa safari alazimishwe kuandika kwenye risiti kwamba ikiahirishwa kwa ajili ya usalama, mteja atapewa siku nyingine au kurejeshewa fedha, na mwelekezi atalipwa ujira wake kamili. Kabla sheria hiyo haijaja, nasi wateja twaweza kuidai risiti ya namna hiyo. Mwandalizi anayekataa kuiandika amekwisha kukujibu.

Mwaka jana nilirudi Naivasha na nusu ya ujira niliyokuwa nimemnyima kijana yule. Wenzake walinieleza kwamba aliacha kuongoza watalii, sasa anaendesha bodaboda mjini. Niliwaachia nambari yangu ya simu. Bado hajapiga.