Mbio za Hisani Zisiimeze Haki

Wahenga walituachia kauli kwamba ajali haina kinga. Walinena kweli. Hata hivyo, hawakusema kwamba ajali haina machela, wala hawakutuamuru tumtazame majeruhi akikata roho huku tukitafuta mwenye gari. Kauli hiyo hunijia kila nirudipo nyumbani Chebunyo wakati wa likizo. Ukiyaacha mashamba ya chai ya Kericho na Bomet ukateremka kuelekea Chepalungu, chai hupungua, na mahindi na malisho ya ng'ombe huchukua nafasi yake. Hospitali mbili kubwa za kaunti yetu, Longisa na Tenwek, zote ziko nje ya Chepalungu.

Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mambo yakaenda kombo. Gari la wagonjwa lilipoitwa, jibu likawa kwamba halina mafuta. Majirani walichangishana pesa gizani kwa mwanga wa simu, na mama yule akapakiwa katika pikapu ya kubebea maziwa. Yeye alinusurika, mtoto hakunusurika.

Kwa sababu hiyo nilifurahi likizo iliyopita niliposikia vijana wenzangu wakipendekeza tuandae mbio za kuchangisha fedha za huduma ya dharura. Wazee wawili walipinga. Wa kwanza alisema kwamba mbio ni kazi ya wenye vipaji. Wa pili akasema kwamba gari la wagonjwa ni kazi ya serikali. Nionavyo mimi, wa kwanza alikosea, ilhali wa pili alisema nusu ya ukweli.

Tumsamehe mzee wa kwanza, kwani kwetu mbio zina historia nzito. Wilson Kiprugut Chumo, mzaliwa wa Kericho, ndiye aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, kisha akatwaa fedha Mexico mwaka 1968. Tangu hapo tumezoea kuziona mbio kama njia ya medali na riziki. Lakini katika Marathoni ya London, iliyoanza mwaka 1981, nyuma ya mabingwa wetu hufuata maelfu ya watu wasio na tamaa ya kushinda. Wengi wao hukimbia ili jamaa na marafiki wachangie mashirika ya hisani. Na katika nchi hiyo hata helikopta za kubebea majeruhi huendeshwa kwa kiasi kikubwa na mashirika ya namna hiyo. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, aliyekuwa Mke wa Rais, alikimbia papo hapo London kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero, iliyonunua kliniki tamba kwa ajili ya kaunti zetu. Hakuna aliyemtazamia ashinde. Katika mbio za hisani mshindi ni mgonjwa.

Fauka ya hayo, mbio zina fadhila ambayo harambee zetu nyingi zimeipoteza. Katika harambee mheshimiwa hutoa kitita, jina lake likatangazwa kwa kipaza sauti, nasi tukabaki wadeni wake hadi siku ya kura. Katika mbio, kila mtu hulipa ada ndogo iliyo sawa na kutoa jasho lake mwenyewe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa tumgeukie mzee wa pili. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya mwaka 2010 inasema bayana kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imefafanua kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya mgonjwa kufika hospitalini. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kuyapima maneno. Hisani huombwa, na anayeipata hushukuru. Haki hudaiwa, na anayeinyima hana budi kujibu. Iwapo kila mwaka tutakimbia ili kununua mafuta ambayo yamekwisha kutengewa fedha za umma, na tusiulize fedha hizo zilikwenda wapi, basi hisani yetu itakuwa imeimeza haki yetu.

Je, tusikimbie? La hasha! Mgonjwa wa usiku wa leo hawezi kungoja bajeti ya mwakani. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori liliyavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakafariki. Katika mikasa kama huo anayefika kwanza aghalabu si daktari, bali ni mpita njia, mchuuzi au mwendeshaji bodaboda. Ajuaye kuzuia damu isivuje anaweza kuokoa uhai kabla king'ora hakijasikika.

Basi mbio zetu zijue mpaka wake. Fedha za kata moja hazitatosha kununua gari na kulitunza. Zinaweza, hata hivyo, kuwalipia waendeshaji bodaboda mafunzo ya huduma ya kwanza, kazi ambayo Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya na St John Ambulance wanaifahamu vyema. Zinaweza pia kununua machela na kuweka akiba ndogo ya nauli ya dharura. Hesabu zake zisomwe barazani, kwa Kiswahili na kwa Kipsigis, hadi shilingi ya mwisho, na fulana za wakimbiaji zisile fungu la mgonjwa. Tena pale pale kwenye utepe wa kumalizia pawekwe meza yenye barua kwa bunge la kaunti, ikiuliza kuhusu mafuta, dereva wa zamu ya usiku na fedha zilizotengwa. Kila mkimbiaji aisaini kabla jasho halijamkauka.

Ndugu msomaji, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga moja ni miguu yetu, nyingine ni sauti yetu. Jirani yangu hakuhitaji tumhurumie usiku ule. Alihitaji gari lenye mafuta, nalo lilikuwa haki yake.