Majani ya Misindano Yasichomwe Moto

Twapenda leo kusema na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni majani ya misindano yanayodondoka katika viwanja vyetu, na jinsi tunavyoyaondoa. Juu ya kilima cha Mbuya, upande wa mashariki wa mji wa Kampala, tumeshuhudia katika uwanja mmoja, ambao hatutautaja, kazi ile ile ikirudiwa mwaka baada ya mwaka. Jumamosi asubuhi askari hupewa mifagio na reki, majani hukusanywa marundo marundo, kisha kiberiti hupigwa. Ifikapo saa nne moshi mzito umekwisha kuzifunika nyumba za askari na kuwafikia majirani. Nacho ni kilima hicho hicho chenye hospitali ya jeshi.

Twaona kwamba desturi hiyo yapasa iachwe, na kwamba trekta ndogo ya kukatia nyasi ikitumiwa ipasavyo itaifanya kazi hiyo bila moto, na udongo utafaidika.

Msindano, ambao wengine huuita msonobari, si mti wa asili yetu. Aina iliyopandwa sana nchini Uganda ilitoka Amerika ya Kati na visiwa vya Caribbean. Nyingine, inayopenda nyanda zenye baridi, ilitoka Meksiko. Mti huu haupukutishi majani yote kwa msimu mmoja. Hudondosha kidogo kidogo mwaka mzima, na zaidi wakati wa kiangazi, hata mfagiaji aonekane kama mtu achotaye maji kwa pakacha. Jani lenyewe ni jembamba kama sindano, lenye urefu wa shubiri moja, nalo lina nta na utomvu. Ndiyo sababu huchelewa kuoza, na ndiyo sababu huwaka upesi. Wanajeshi waliopata kukaa Nakasongola na kuiona misitu ya Katugo hawahitaji kufundishwa jinsi moto unavyokimbia juu ya majani hayo.

Wapo wasemao kwamba moshi wa majani si kitu. Hilo si kweli. Chembe ndogo zilizomo hupita puani na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango cha chembe hizo kisichofaa kupitwa, kwa wastani wa mwaka mzima, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila meta ya ujazo ya hewa. Vipimo vya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, katika mradi uitwao AirQo, vimeonyesha kwamba hewa ya Kampala imekipita kiwango hicho mara kadhaa. Magari, vumbi na majiko ya mkaa vyatutosha. Anayeumia kwanza si mkubwa aliyetoa amri. Ni mtoto wa koplo aliyelala katika chumba chenye dirisha moja, hatua ishirini kutoka penye rundo.

Basi yatiwe magunia yapelekwe jalalani? Jalala la Kiteezi, lililotumika tangu mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likafukia watu na nyumba zao, na waliokufa walizidi 30. Polisi walikuwa miongoni mwa waliochimbua. Aliyekuwapo pale siku zile hatapenda kupeleka jalalani kitu ambacho kingeweza kubaki nyumbani kikafanya kazi.

Ajabu ni kwamba wengi wa askari wetu waliyajua haya kabla ya kuvaa sare. Kijana wa Masaka au wa Mukono amekua akimwona mamaye akiufunika udongo wa migomba kwa nyasi kavu na kwa majani makavu ya migomba yenyewe, ili jua lisiikaushe ardhi na mvua isiichukue rutuba. Akifika kambini huagizwa afagie mpaka udongo mwekundu uonekane, naye hutii. Lakini udongo ulio wazi juu ya mteremko hauna mlinzi. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huuteremsha mpaka mitaroni, kisha twamwona askari yule yule akitumwa na koleo kuizibua mitaro. Fatiki imezaa fatiki.

Trekta tunayoisema si ile ya kulimia shamba. Ni chombo kidogo cha petroli. Mtu mmoja hukaa juu yake, na visu viko chini ya tumbo lake, ndani ya kifuniko cha chuma. Kwa kawaida nyasi zilizokatwa hutupwa nje kwa mlango wa ubavuni. Mlango huo ukizibwa kwa kizibo chake, majani hayana pa kutokea. Huzunguka ndani na kupigwa na kisu mara nyingi, hata yanapoanguka chini yamekuwa vipande vidogo. Vipande hivyo vikiwa vichache hupotea katikati ya nyasi na kuoza upesi kuliko jani zima. Vikiwa vingi, hukusanywa na kutandazwa chini ya miti na katika bustani. Hayo ndiyo matandazo, na hayakununuliwa dukani.

Lakini chombo hiki hakitaki pupa. Kabla ya kuwasha injini, watu wautembee uwanja wote kwa safu, kama wanavyofanya wanapotafuta kitu kilichopotea, waokote mawe, makoni ya misindano, nyaya na makopo; na kwa kuwa twazungumzia kambi, hata maganda ya risasi. Ncha ya kisu hukimbia zaidi ya kilometa 250 kwa saa, na jiwe likipigwa nayo huenda litakako. Watoto wasiwepo karibu. Wakati mzuri ni asubuhi umande ukiisha kukauka juu lakini majani yangali na unyevu kidogo ndani. Yakiwa mabichi kwa mvua hugandamana chini ya kifuniko, yakiwa makavu mno hutoa vumbi na kukaribisha moto. Mara ya kwanza visu viinuliwe juu na mwendo uwe wa polepole. Mara ya pili vishushwe, trekta ikate njia ya kwanza kwa kupingana.

Kwenye mteremko dereva apande na kushuka moja kwa moja, asiende kwa ubavu, maana hapo ndipo trekta hupinduka na kumlalia mtu. Mteremko ukizidi digrii 15, au ukiwa umelowa, asiende kabisa. Mahali kama hapo hata kukata hakutakiwi: majani mazima hushikamana kama mkeka na kuukamata udongo vizuri kuliko vipande, ambavyo maji huvisukuma. Yaachwe yalivyo.

Kazi ikiisha, injini izimwe, ufunguo utiwe mfukoni, chombo kipoe. Kisha majani yote yaliyojikusanya juu ya injini na kando ya bomba la moshi yaondolewe kwa brashi, na chujio la hewa litazamwe. Kuacha majani makavu ya msindano juu ya bomba lenye moto ni kuichoma trekta kwa mikono yetu wenyewe.

Twayajua maneno ya wapinzani. Wasema majani haya huutia udongo uchungu wa asidi usizae. Jani bichi lina asidi kidogo, lakini likitandazwa juu bila kuchimbiwa ndani halibadilishi udongo kwa kiasi cha kuudhuru mmea. Wasema pia kwamba mashine ni ghali, nasi twakubali. Basi isinunuliwe na kila kikosi. Trekta moja yaweza kuwa Mbuya siku hii na katika nyumba za polisi Naguru siku ya pili. La tatu husemwa kwa sauti ya chini: askari asipofagia, atafanya nini, na mkosaji ataadhibiwa vipi? Hapa ndipo tunapotofautiana nao zaidi. Kazi iliyogeuzwa kuwa adhabu haifanywi vizuri na mtu yeyote; huharakishwa ili iishe, na njia ya haraka kuliko zote ni kiberiti.

Hata hivyo hatusemi kwamba ufagio utupwe. Kandokando ya ghala la silaha na risasi, na pale penye matangi ya mafuta, ardhi ibaki wazi, ifagiwe kila siku, wala pasiwekwe matandazo hata kidogo. Kadhalika matandazo yakae mbali na kuta na milango ya mbao, walau meta moja, kwa sababu ya mchwa. Na kwenye shina la mti ibaki nafasi ya upana wa kiganja, gamba lisioze.

Twawaomba wakuu wa vikosi wamteue mtu mmoja, fundi kwa tabia, akabidhiwe ufunguo wa trekta na daftari la petroli na oili, wala chombo kisipite mikononi mwa kila aliye zamu. Ama kuacha kuchoma, hilo halina haja ya kungoja trekta. Reki zipo bohari, na migomba nyuma ya nyumba za askari ipo. Jumamosi ijayo rundo la kwanza lipelekwe huko.