Tusifungue nyumba yote juu ya imprimanti moja



Siku hizi kuna nyumba zenye ordinatere mbili ao tatu na imprimanti moja tu. Imprimanti inafungwa kwa ordinatere ya baba, na wengine wanaituma kazi zao kwa kupitia mtandao wa nyumba. Ni jambo zuri, linaokoa makuta. Lakini siku ile mashine inakataa, hapo ndipo utasikia shauri ambalo mimi ninalipinga kabisa: «Zima ulinzi wote, toa maneno ya siri, itatembea.»

Ndiyo, mara nyingi itatembea. Hata ukingʼoa mlango, ufunguo hautakusumbua tena.

Tutazame kwanza sababu zenyewe, kwani nyingi ni ndogo. Ordinatere ya baba imelala: ikilala, wengine hawaoni kitu. Tena kwetu umeme unakatika na kurudi. Ukirudi, ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, inaweza kugawa namba mpya. Ordinatere iliyokuwa 192.168.1.5 leo iko 192.168.1.9, na wewe ungali unaigongea mlango wa zamani. Watu wanasema imprimanti imekufa, kumbe ni ordinatere inayoishika ndiyo imehama. Dawa ni kuiita kwa jina lake, ao kuiwekea namba isiyobadilika ndani ya ruta. Na ukiona namba yako wewe inaanza na 169.254, uache imprimanti kwanza. Ordinatere yako haikupata namba kwa ruta, ilijipa yenyewe. Tazama waya ao Wi-Fi.

Kuna tena swali la Windows ambalo wengi wanajibu bila kusoma: huu mtandao ni wa watu wote, ao ni wa nyumba? Ukijibu wa watu wote, inakuficha, na wenzako hawakuoni. Ni haki yake. Badilisha jibu ukiwa nyumbani, si pale sibercafé! Na fishye zina kufuli mbili: ruhusa ya kugawa, na ruhusa ya dosye yenyewe ndani ya diski. Ile iliyo kali zaidi ndiyo inashinda. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba amekwisha kuruhusu, na bado wanakataliwa.

Sasa, sababu gani ninakasirika na lile shauri? Mwezi wa 5, mwaka 2017, virusi vya WannaCry vilipita katika njia ya zamani ya Windows ya kugawa fishye, inayoitwa SMBv1. Vilifunga fishye za watu katika inchi nyingi na kudai feza. Kule Uingereza hata mahospitali yalirudisha wagonjwa. Na Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa tangu mwezi wa 3! Kutoka mwisho wa mwaka ule, Windows 10 mpya haiwekwi tena na njia hiyo. Lakini utakuta mtu anairudisha kwa mkono wake juu ya mashine moja ya zamani. Hapana, wandugu.

Wengine watasema sisi wa mwaka wa sita tunapenda sheria mno, na tena nyumbani hakuna mwizi. Sawa. Lakini kila mgeni aliyepewa neno la Wi-Fi ameingia katika mtandao wenu. Ukitoa ulinzi, yeye ao mtoto mdogo anayecheza anaweza kufuta kazi ya mwisho ya kaka ya université, ao kusoma hesabu za likelemba ya mama. Kazi ya mwaka muzima, na kopi haiko.

Gaweni dosye moja tu, si diski yote. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Na kama kazi ni ya haraka na sababu haijaonekana, beba fishye kwa klé USB mpaka ku ordinatere yenye imprimanti, uchape palepale; kesho utatafuta kosa pole pole.